Wanataka kutuwekea konteri mpya, na waya ya shemeji bado iko ukutani

Jambo yako Mama Shangazi,

Ninakuandikia kutoka Panzi, hapa Bukavu. Mimi ni mama wa watoto watano, mume wangu ni mwalimu, nami nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Parseli yetu ina milango minne: sisi tunakaa kwenye nyumba ya mbele, wapangaji watatu wako nyuma. Umeme unaingia kwa waya moja tu, tena kuukuu, na ile konteri (mita) ya sahani ya kuzunguka ilikufa zamani. Kwa hiyo tunalipa kwa makadirio. Kila mwezi fakture inafika, dola 40, mara nyingine zaidi, tunaigawa kwa milango minne. Kuna mwezi umeme ulionekana siku tisa tu, na fakture ikaja ileile.

Wiki mbili zilizopita walipita vijana wawili wenye vesti za kampuni. Wakasema avenyu yetu yote itapata konteri mpya za kulipa kabla, lakini si kama Cash Power ya zamani: hii inatuma hesabu yenyewe kwa mtandao wa simu, na wakiwa ofisini wanaweza kukata umeme na kuurudisha bila kupanda mlingoti. Waliacha karatasi ya kutia sahihi. Wanasema tuna deni la zamani, dola 310. Litaingizwa ndani ya konteri, na kila nikinunua unite watakuwa wanakata kidogo kidogo. Nilipouliza kidogo ni ngapi, walijibu, "Mama, utaona kwenye konteri."

Baba watoto hataki kabisa. Mwenzake wa shule aliwekewa, unite alizopanga zimfikishe mwisho wa mwezi zikaisha siku ya kumi na moja. Mdogo wangu aliye Ubelgiji naye anasema kule watu wanazipigia kelele. Mama mkwe amesikia zinatoa miale inayoumiza kichwa, na ukuta wanaoutaka ndio wa chumba anacholala. Halafu yuko fundi mmoja wa mtaa anayetuuzia konteri iliyotolewa kwenye nyumba nyingine, kwa nusu ya bei, na atakuja kuiweka Jumapili ofisi isijue.

Lakini linaloninyima usingizi ni shemeji yangu, mdogo wa mume. Anakaa parseli ya jirani. Mwaka baba yao alipofariki alivuta waya kutoka kwenye ukuta wetu, akafungua saluni ya kunyoa. Hajawahi kutoa hata faranga moja. Kwa makadirio haikuniuma, maana fakture haikupanda kwa sababu yake. Konteri ikija, kila wembe wake utakuwa mfukoni mwangu. Nikifungua mdomo, ukoo utasema mke ndiye aliyekuja kutenganisha ndugu.

Nina konjelateri (friza) ya sambaza, ndiyo mtaji wangu wote. Unite zikiisha saa nane za usiku nitaamka kwenye harufu. Na maharage ya watoto wote hao ninayapika kwa resho ya umeme. Nikubali au nikatae?

Mama wa sambaza, Panzi

*

Mama wa sambaza, jambo, na pole kwa kuibeba hiyo peke yako.

Kubali. Mwezi wa siku tisa ndio jibu langu. Anayelipa kwa makadirio analipa hata giza, na hapa kwetu giza ni jingi. Konteri haihesabu kisichopita: siku ya delestaji, yaani umeme ukikatwa kwa zamu, unite zako zinalala palepale zilipokuwa. Hata umeme ukiwa dhaifu, ule wa taa nyekundu kama tumbaku, unahesabiwa kwa udhaifu wake. Resho ya wati 1,000 iliyotengenezwa kwa volti 220, ikipata volti 160 inavuta kama wati 530 tu. Maharage yatachelewa, nami najua uchungu wa kusubiri sufuria isiyochemka watoto wakiwa wamerudi shule, lakini hutalipia wati ambazo hukupewa. Kwa makadirio ulikuwa unazilipia zote.

Ila usitegemee kwamba konteri italeta umeme. Nasikia watu wakiambiana barabarani kwamba ukiwekewa hii mpya delestaji inakwisha kwako. Umeme wetu unatoka mto Ruzizi: mtambo wa kwanza ulianza mwishoni mwa miaka ya 1950, mji ukiwa mdogo, wa pili mwaka 1989, na huo tunaugawana na Rwanda na Burundi. Tazama Bukavu ilivyopanda milimani tangu wakati huo. Hakuna kisanduku cha ukutani kinachoongeza maji kwenye mto.

Basi kubali, lakini usitie sahihi wiki hii. Konteri inahesabu kila kilicho nyuma yake, awe ni wewe, mpangaji, shemeji, au waya iliyochubuka inayovujisha umeme kwenye ukuta wenye unyevu. Kwa hiyo kabla haijafungwa, ujue nyuma yake kuna nini.

Mwalimu mwenzake na baba watoto simkatalii, ila sidhani kama konteri yake ilikimbia. Kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa moja kinakula unite moja. Resho ya wati 1,500 ikiivisha maharage saa tatu imekula unite 4 na nusu. Kwa pesa hiyohiyo, balbu ya LED ya wati 9 ingewaka karibu saa 500. Mtu aliyezoea makadirio anaacha resho inawaka hata akienda kisimani, kwa nini aizime? Konteri inapofika, mazoea yale yanakuja nayo. Ongeza waya ambazo hakuzijua, na siku kumi na moja zinaeleweka.

Konteri hizi zina kitaa kidogo chekundu kinachokonyeza, na usoni pake pameandikwa namba mbele ya imp/kWh. Nyingi ni 1000, nyingine 1600 au 3200. Chukua mfano wa 1000: kitaa kikikonyeza mara 1,000 umekula unite moja. Washa resho ya wati 1,000 peke yake, uhesabu: kati ya mkonyezo mmoja na mwingine zinapita sekunde 3 na nusu hivi. Ile balbu ya zamani ya wati 100, sekunde 36. Sasa zima kila kitu kwenye parseli, chomoa mpaka chaja za simu, wapangaji nao wachomoe, kisha simama mbele ya konteri ukiwa na saa kwa dakika kumi. Kitaa kikiendelea kukonyeza, yuko anayekula. Nimeshuhudia nyumba moja huko Bagira mama mzima akilia mbele ya kitaa hicho, si kwa hasira, bali kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu alimwonyesha kwamba hakuwa mpotevu wa pesa za mumewe. Waya ilikuwa imechubuka chini ya mabati.

Na tusiisubiri konteri. Tafuta fundi mwenye koleo la kupimia, lile linalobana waya kwa nje bila kuikata. Abane waya ya shemeji wakati saluni ina wateja. Likisoma ampea 3, ni kama wati 660. Likisoma nusu ampea, ni wati 110. Nakuomba sana mfanye hivi kabla ya maneno yoyote, kwa maana huenda mnakaribia kugombania kitu kidogo kuliko mnavyodhani. Mashine ya kunyolea inavuta wati 10 au 15. Haiwezi kumfilisi mtu. Kinachokula saluni ni kuchemsha maji, ni pasi, ni mashine ya kukausha nywele ambayo peke yake inafika wati 1,000 na kuendelea. Ukijua ni kipi, utajua unazungumzia shilingi au unazungumzia mbuzi.

Anayezungumza si wewe, ni baba watoto. Shemeji ni mdogo wake, na waya ilivutwa wakati wa msiba wa baba yao. Hapo mke hana kiti. Baba watoto aende kwake, asimwite, akae kwenye benchi la wateja kama kaka. Asianze na pesa. Aanze na ile waya yenyewe: imepita nje miaka yote hiyo, mvua na jua, kati ya mbao na mabati. Wewe na mimi tunajua moto wa Bukavu ulivyo. Kadutu nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, waya moja ikiyeyuka wanalia watu wa avenyu nzima. Amwambie: "Mdogo wangu, baba alipokufa tulivuta waya hii kwa haraka kwa sababu ulihitaji kuanza maisha. Umeanza, nashukuru. Sasa inaweza kutuunguza sote. Avenyu yote inawekewa konteri, chukua yako, na mwezi wa kwanza mimi nitakuchangia." Huo mchango uwe wa kweli, hata kama ni dola 5. Akikubali, atakuwa amepewa konteri na kaka yake. Hakuna atakayesema amenyang'anywa waya na shemeji. Akikataa, ndipo mzee wa ukoo anaingia, akiwa na namba ya koleo mkononi. Ila siku ya kufungwa konteri waya ile iwe imeshuka. Mkataba wa umeme ni wa mwenye sahihi na wa nyumba yake, na kupeleka umeme parseli nyingine kunaweza kuitwa wizi hata kama ni kwa ndugu, na jina litakalosomwa litakuwa lenu.

Wapangaji ni rahisi zaidi. Uliza kama kila mlango unaweza kupata konteri yake. Hiyo ndiyo amani. Isipowezekana, kuna konteri ndogo za ndani zinazouzwa kwenye kenkayeri (duka la vifaa vya ujenzi), unaweka moja kwa kila mlango nyuma ya ile kubwa, na mwisho wa wiki kila mtu anasoma namba yake mwenyewe. Waite wote jioni moja uwaeleze kabla fundi hajaja. Kijana mwenye simu na redio hatataka tena kulipa robo sawa na wewe mwenye konjelateri, na atakuwa na haki. Jiandae moyoni: katika ule mgawanyo wa dola 10 kila mlango, inaelekea wewe ndiye uliyekuwa unabebwa.

Deni sasa. Hapa ndipo nakasirika, maana "utaona kwenye konteri" si jibu la kumpa mama wa watu. Nenda ofisini na baba watoto, mchana, na fakture zote mlizonazo. Omba 310 ile waiandike: miezi ipi, kiasi gani kila mwezi. Kama mna risiti ambazo hazikuhesabiwa, zitoe. Miezi ya giza itaje moja moja, uombe iangaliwe upya, na uombe kwa barua yenye nakala iliyogongwa muhuri. Halafu wakuandikie ni asilimia ngapi itakatwa kila ununuzi. Hilo si dogo: wakikata 30 kwa 100, dola 10 zako zinakupa unite za dola 7, wakikata 50, za dola 5, na mtaanza kusema konteri inaiba kumbe ni deni linalolipwa. Uliza pia nani analipia konteri ikiharibika bila kosa lenu, na nani mwenye ruhusa ya kufungua kifuniko chake. Nyingi zinajifunga zenyewe zikifunguliwa, na mwenye nyumba ndiye anayeulizwa.

Fundi wa Jumapili mwambie asante, hapana. Namba 20 unazopewa ukinunua unite zimefungwa kwa ufunguo wa konteri moja tu, iliyoandikishwa kwa mteja mmoja. Ile aliyoing'oa inamjua mwenyewe wa kwanza. Tena liko jambo ambalo wengi hawakulisikia: konteri za mfumo huu duniani kote zilikuwa zinahesabu dakika tangu mwaka 1993 ili namba moja isitumike mara mbili, na nafasi ya kuhesabia ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Ambayo haikuingizwa namba maalum za kuifungulia hesabu mpya, haikubali tena unite mpya. Atakuwa amekuuzia sanduku.

Mdogo wako wa Ubelgiji hasemi uongo, ila ugomvi wao ni mwingine. Upande wa Flanders walianza kuweka konteri za kidijitali Julai 2019. Waliokasirika sana ni wenye paneli za jua, ambao konteri zao za zamani zilirudi nyuma mchana paneli zikitoa umeme. Waliahidiwa kuendelea kuhesabiwa hivyo miaka 15 hata baada ya kubadilishiwa, na Januari 2021 Mahakama ya Katiba ikaifuta ahadi. Hasira yao naielewa kabisa. Lakini wao umeme wanao usiku na mchana. Wewe shida yako ni kulipia ambao hukuuona. Kuna hofu yao moja tu ambayo naichukua: konteri inayotuma hesabu kila mara inaonyesha saa mnazolala na siku ambazo nyumba haina mtu. Uliza ofisini nani anayeziona hesabu hizo.

Mama mkwe asichekwe. Mawimbi ya konteri ni yaleyale ya simu, yanatumwa kwa vipindi vifupi, na simu anayoweka sikioni iko karibu naye zaidi. Lakini yeye ni mzee, na ukuta ni wa chumba chake. Omba iwekwe ukuta wa mbele, chini ya paa isipigwe na mvua, kwa urefu wa macho yako ili uisome bila kupanda kiti. Fundi hatakosa waya ya kufika hapo, na mama atalala.

Sambaza zako zinanihangaisha kuliko hayo yote. Konjelateri kwa kawaida inakula kati ya unite moja na mbili kwa siku, lakini yako ipime mwenyewe: andika namba ya konteri saa kumi na mbili jioni, kesho yake saa ileile andika tena. Fanya siku tatu. Ukishaijua namba yako, weka mpaka ambao hushuki chini yake, unite za siku tano au sita, na siku unapofikia mpaka huo unanunua hata kama ni katikati ya juma. Usinunue usiku wala siku mtandao unasuasua. Namba 20 ziandike kwenye daftari kabla ya kuziingiza, maana ujumbe wa simu unafutika na mtoto anachezea. Konjelateri iliyojaa, isipofunguliwa, inashika baridi yapata siku mbili. Iliyo nusu, kama siku moja. Siku sambaza zikiwa chache jaza nafasi kwa chupa za maji, zigande. Na umeme ukirudi baada ya delestaji usiiwashe papo hapo, subiri utulie kwanza: kinachoua mota ni lile pigo la kurudi na ule udhaifu wa jioni, na konteri mpya haikingi hata kimoja. Ukipata faida mwezi mzuri, stabilizeta ya kutuliza umeme kabla ya nguo.

Maharage yaloweke tangu usiku, umwage maji yale, saa tatu zitapungua sana. Makala (makaa) usiyatupe. Najua wengi wataniuliza kwa nini naacha watu warudi kwenye mbabula wakati misitu ya upande wa Kahuzi inakwisha, na inaniuma kweli, lakini siwezi kumwambia mama wa watoto watano apike maharage kwa unite ambazo ndizo zinalinda mtaji wake. Sombe na bugali kwa resho, maharage kwa makala, mpaka uone hesabu ya miezi miwili.

Karatasi ya wale vijana iweke ndani ya daftari la sambaza, bila sahihi. Koleo la fundi liwe la kwanza, mapema wiki hii, saluni ikiwa na watu. Jumapili baada ya misa baba watoto aende kwa mdogo wake akiwa na namba hiyo. Wewe usimfuate, mpikie shemeji sambaza, umtume mtoto azipeleke zikiwa moto.

Mama Shangazi